Ukinuna, Nunia Nyumbani

9 Februari

Mume wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na huyo mke mwenzangu uliyemuoa bila kuniomba ruhusa. Sisi huku tunapumua. Mjomba wako mguu umepona, ila amezoea kuchechemea na hataki kuacha, maana akichechemea anapikiwa. Paa la chumba cha nyuma limezibwa. Paka amezaa juu ya pamba yangu safi, nami nimemwachia, mzazi hafukuzwi.

Unajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa serikali wakati simu ipo. Nitakuambia. Simu yako siku hizi ina mtandao mbaya kila ninapouliza jambo la maana. Nikiuliza habari za kazi, nakusikia kama uko jikoni kwangu. Nikiuliza habari za mtoto, "Bibi, mtandao, Bibi, nakusikia kwa mbali," kisha kimya. Mimi shule niliipita kwa nje tu, nikipeleka magodoro ya bweni, na herufi hizi alinifundisha marehemu babu yako kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Ndiyo maana naandika polepole kama mtu anayeimba. Lakini karatasi haina mtandao.

Mara ya mwisho ulisema, "Bibi, kajifungua, tunamshukuru Mungu." Basi. Mwanamke abebe mimba muda wote ule, wewe unipe maneno manne? Mtoto ni wa kike au wa kiume? Anaitwa nani? Amefanana na nani, asije akawa na masikio ya ukoo wa babu yako? Jumapili nasimama kumwombea, nasema "yule mtoto wa mjukuu wangu," kama namwombea mtu niliyepishana naye sokoni. Mungu anamjua, lakini na mimi nataka kumjua.

Nimempa kondakta wa basi furushi lenu. Ndani nimemshonea mtoto godoro. Lifungue siku hiyo hiyo, usilitupe juu ya kabati kama ulivyo mtindo wako.

Nijibu vizuri.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


30 Machi

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mjomba na jamaa wote. Sisi hapa tu wazima kwa neema yake. Karakana kazi ipo, tunachomelea mageti ya shule moja, na tajiri amenunua mashine mpya ya kukatia chuma. Mke mwenzio anakusalimu sana.

Bibi, Mungu ni mwema. Hakika yeye ni kimbilio letu na ngome yetu. Ametutendea mambo makuu, nasi tunafurahi. Kila jambo lina majira yake. Hatuna la kulalamika, tunashukuru katika yote.

Godoro tumelipokea, ahsante sana. Ni laini mno. Mtoto analilalia vizuri, hata usiku hasumbui.

Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimebana. Endelea kutuombea.

Mjukuu wako katika Bwana


11 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume wangu. Utaona sababu.

Salamu kwako na kwa mke mwenzangu. Huku ni wazima. Watoto wa paka wamefungua macho na wameanza kunikosea adabu ndani ya nyumba. Tumepata mchungaji mpya, kijana mwenye sauti kubwa. Anahubiri vizuri ila anatema mate, kwa hiyo wanawake tumehamia nyuma.

Sasa njoo hapa karibu.

Godoro ni laini mno, umesema. Mtoto analilalia vizuri. Mwanangu, ndani ya furushi lile nilikutumia mfuko mtupu. Umelelewa na fundi wa magodoro, umesahau anavyofanya kazi? Godoro la mtoto silijazi kabla sijajua kitanda chake. Mfuko unatangulia, mzazi anautandika, anakunja panapozidi, ananirudishia, ndipo nachambua pamba na kuujaza. Na kikaratasi cha kukukumbusha nilikiweka humo humo. Pamba ya mtoto wako iko hapa kwangu, imelaliwa na paka. Sasa huyo mtoto analalia nini kilaini, hewa?

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata stendi.

Furushi hukulifungua. Na mtu aliyepata mtoto hufungua zawadi ya mtoto hata kwa meno.

Halafu huo utakatifu umeutoa wapi? Wewe uliyemnunia Mungu wiki nzima kwa sababu mvua ilikulowesha ukitoka kwaya? Sisi kwetu hatuombi hivyo. Babu yako alikuwa akianza sala ya jioni kwa kusema, "Sasa Bwana, na hili nalo ni nini?" Mimi nilipomzika mama yako nilimgombeza Mungu mpaka jirani akaja kuuliza nagombana na nani. Barua yako haina lalamiko hata moja. Mtu asiye na lalamiko kwa Mungu, ama keshafika mbinguni, ama hazungumzi naye tena. Na mbinguni hawachomelei mageti.

Kwa hiyo nalala nawaza. Labda mke mwenzangu amekukimbia na mtoto. Labda mtoto hakufanana nawe na unaona haya. Labda umefungwa, na barua hizi anazisoma askari kwanza. Labda mmejiunga na wale wanaokataza watu kuonana na ndugu zao, ndiyo maana unaniandikia kama tangazo la mkutano wa injili. Kila dirisha nikichungulia naona giza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niandikie ukweli. Usiponiandikia nitapanda basi, na unajua mimi nikipanda basi natapika njia nzima, na nikifika sitakuwa mtu wa kusemeshwa.

Bibi


17 Juni

Bibi,

Usije. Nakuomba usije.

Hujambo? Mjomba hajambo? Naandika nikiwa karakana, wenzangu wamekwenda kula. Nimekalia geti ambalo mwenyewe hajaja kulichukua.

Furushi liko juu ya kabati. Sikulifungua. Mke mwenzio naye hajaligusa, akifagia anapita mbali na kabati. Hajanikimbia. Yupo. Tunakula meza moja, tunaulizana kama chumvi imetosha.

Mtoto hayupo, Bibi. Alizaliwa akilia, nilimsikia nikiwa nje kwenye benchi. Siku niliyokupigia alikuwa hai, na yale maneno manne yalikuwa ya kweli. Hakumaliza juma. Daktari alisema mapafu. Baada ya hapo kila ulipopiga nilijiandaa kukuambia, nikisikia sauti yako nashindwa, nasingizia mtandao.

Unamkumbuka yule mzee wa kanisa mwenye duka la mabati, niliyekusifia kwamba anatupenda? Siku ya mazishi alimshika mke wangu mkono, akamwambia mbele za watu, "Mama, rudini mkaichunguze nyumba yenu. Mungu hamnyang'anyi mtu bila sababu." Mke wangu aliutoa mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye nguo. Tangu siku ile hajakanyaga kanisani, nami sijakanyaga. Nyimbo nilizokuwa naongoza anaongoza mwingine. Nasikia wanasema tumerudi nyuma.

Yale maneno matakatifu niliyachota kwenye kalenda ya ukutani hapa karakana. Kila mwezi una mstari wake. Nilianza na Januari.

Usidhani nina hasira na Mungu. Ningekuwa nayo ingekuwa afadhali. Sina kitu. Nafungua mdomo kuomba, naona kama nagonga geti la nyumba ambayo watu wamehama. Mke wangu akiuliza kama nimeomba, nasema ndiyo. Yeye akinijibu kwamba ameomba, najua na yeye ananidanganya. Ndivyo tulivyo.

Niliogopa kwamba ukijua nimeacha kuomba, utaumia kuliko ulivyoumia kwa lolote. Uliniambia siku naondoka nisikurudishie mtu asiyemjua Mungu.

Uliza lolote utakalo, nitakujibu. Usiniulize jina la mtoto tu.

Mjukuu wako


28 Juni

Mume wangu,

Umerudi kuwa mume wangu, kwa kuwa umesema kweli.

Salamu kwako, na kwa mke mwenzangu salamu mara mbili. Barua hii msomee yeye kwa sauti, usirukeruke. Mjomba wako nilimsomea yako, akainuka akatoka nje bila kuchechemea, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Nimelia. Kesho nitalia tena, hiyo ni kazi yangu na msinisaidie.

Mke mwenzangu, wewe kwanza. Huyo mzee wa mabati, maneno yale hakuyashusha mbinguni. Ameyatoa tumboni mwake. Watu wa namna yake wanaogopa. Wakiona mtoto wa mwenzao amekufa, wanatafuta kosa la mzazi upesi upesi, ili wao wakalale wakijua wako salama. Mimi nimezika watoto wawili na mume. Angekuja kwangu kuchunguza nyumba, ningempa ufagio aanzie uvunguni. Hukufanya kosa lolote, mama. Ulibeba, ukazaa, mtoto akalia. Kazi yako ulifanya yote. Ukiulizwa na mtu yeyote, sema mke mwenzio kasema hivyo, na kama ana ubishi aje.

Sasa wewe, mume. Umesema huna hasira na Mungu. Hapo ndipo ninapokushuku zaidi ya mwanzo. Umemzika mtoto wako na huna hasira? Unayo. Umeifungia mahali, halafu unasimama mlangoni unasema chumba kitupu.

Nisikilize. Nimeshikamana na Yesu tangu sijaota mvi, na si kwa sababu alinitendea kila nilichotaka. Mengi sikuyapenda na nilimwambia. Lakini nilimwambia yeye mwenyewe. Kuna miaka sala yangu yote ilikuwa "Nipo," basi, nikageukia ukuta. Watu wanadhani kuvumilia katika imani ni kutabasamu msibani. Huko ni kujipaka poda.

Mimi na babu yako tuligombana tangu harusi mpaka kaburi, ila tulikuwa na sheria moja: ukinuna, nunia nyumbani. Kataa chakula, geukia ukutani, usiseme neno, lakini usilale nje. Anayelala nje na hasira, kesho anaona haya kurudi, keshokutwa anaanza kusahau njia. Kwa Mungu ni hivyo hivyo. Mnunie. Yeye si mpangaji wa chumba cha pili kwamba ukimnunia atahama. Lakini nunia ndani. Sisemi mrudi kwa yule wa mabati. Nyumba ya Mungu ina milango mingi kuliko duka lake. Kama hamuwezi kwenda popote, basi hapo hapo jikoni. Mwambieni yaliyowakaa rohoni, kwa lugha mnayoiweza, hata kama si nzuri. Amesikia mabaya zaidi, kutoka kwangu.

Na kuhusu mtu asiyemjua Mungu nisiyetaka anirudie: mimi nilikuwa nakutisha ili usinywe pombe. Ungerudi hata mpagani ningekufungulia mlango, kisha ningekusumbua mpaka ukome.

Ila bado nina mashaka, sikufichi. Kwa nini nisiulize jina? Mlimzika bila jina? Mlimzika bila sala? Au kuna jingine mnalonificha kubwa kuliko msiba? Kwangu kanisani, wakati wa maombi kila mtu humtaja mtu wake, mgonjwa au marehemu. Sitasimama nikamtaja marehemu asiye na jina, kama mzigo uliopotea stendi. Mtoto aliyelia ana jina.

Umesema nisiulize. Nauliza.

Bibi


2 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Hatujambo, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Karakana tumepata kazi ya ngazi za chuma, mikono imejaa malengelenge. Msalimie mjomba, mwambie asiache kuchechemea kwa ajili yetu. Mke mwenzio anasema salamu zake mbili amezipokea zote, na anakurudishia tatu.

Barua yako nilimsomea kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye ufagio na uvungu, alicheka. Kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikataka kuacha. Akasema, "Endelea. Usimkate bibi."

Wiki kadhaa zikapita. Halafu Jumapili moja asubuhi anaosha vyombo, nikamsikia anaongea. Nikadhani ananiita. Nilipofika mlangoni alikuwa amenipa mgongo, anasema, "Ungeniachia hata mwezi mmoja. Ungepungukiwa nini? Huko kwako watoto wamejaa." Akasugua sufuria. "Na yule mzee wako wa mabati mfunge mdomo, la sivyo nitamfunga mimi, na utanisamehe."

Alipomaliza nilikuwa bado mlangoni. Nikasema, "Amina."

Akageuka. "Unaitikia nini, na wewe chako hujakisema?"

Basi nikasema changu. Kilikuwa kirefu, Bibi, na kina maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nayo hasira, ulisema kweli. Na nilipokuwa nafoka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona kama kuna anayenisikiliza. Sijui kama hiyo ndiyo sala. Tangu siku hiyo tunafanya hivyo kila Jumapili, yeye anaosha, mimi nakausha, na Mungu anapokea maneno.

Kanisani bado. Kuna kanisa dogo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Juzi tulipita wanaimba. Hatukuingia, ila tulisimama nje mpaka wimbo ukaisha. Wanauanza juu mno, wanaume hawafikii. Mke wangu akaniambia, "Naona mdomo wako unacheza."

Sasa jina.

Hakuzikwa bila jina wala bila sala. Alikuwa wa kike. Jina tulikubaliana tangu akiwa tumboni, na nesi aliliandika kwenye utepe wa mkononi mwake. Tulimpa lako, Bibi. Niliyemzika ni wajina wako.

Ungekuwa mimi ungeandikaje? Nikuandikie kwamba fulani amefariki, na huyo fulani ndiye anayesoma barua? Kila ulipopiga simu ukajitaja, niliikata. Na nitasema lote. Nilikuogopa. Nilifikiri utaona tumekuletea mkosi, utauliza ni kosa gani tulilofanya mpaka jina lako likaingia kaburini. Nilifikiri na wewe utaniambia niichunguze nyumba. Kutoka kwa mzee wa mabati niliweza kuvumilia. Kutoka kwako nisingeweza.

Mjukuu wako


15 Septemba

Mume wangu na mke mwenzangu,

Salamu zenu zimefika. Mjomba wenu hajambo. Habari nyingine za hapa zitangoja.

Kumbe. Miezi yote hii nilikuwa nakushuku, nawe umekaa upande wa pili unanishuku mimi. Ulidhani bibi yako ataliogopa jina lake mwenyewe. Sikulaumu. Aliyeumwa na nyoka akiguswa na jani hushtuka, na wewe aliyekuuma alikuwa amevaa suti ya kanisani.

Barua niliipata Jumatano. Sikumwonyesha mtu. Niliiweka chini ya mto, nikamgombeza Mungu mpaka Jumamosi. Nilimwambia, "Mimi ndiye mzee. Jina likiitwa, mwenye zamu ni mimi. Mbona umeruka foleni?" Hakunijibu. Huwa hanijibu upesi, nimemzoea. Jumapili nikavaa nikaenda kununia kwake.

Nilikaa mstari wa mbele, mate yote yakanipata. Ukafika wakati wa kuwataja marehemu. Watu wakawataja wao. Nikasimama, nikataja jina langu lote kamili, kwa sauti, kama wanavyoliita hospitali.

Mchungaji akanitazama, kisha akatazama mzee wa kanisa, kisha akanitazama tena. Mama muuza mkaa aliye nyuma yangu akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Kaa chini. Huyo si wewe?"

Nikamwambia, "Tulikuwa wawili."

Nikamgeukia mchungaji nikasema, "Ni kitukuu changu. Alizaliwa, akalia, akapewa jina, akatangulia. Na wazazi wake wako hai, wana hasira na Mungu, na hawajamwacha. Waombee wote watatu."

Nilidhani ataanza kunihubiria kuhusu hasira. Yule kijana alishuka madhabahuni, akaja kusimama karibu nami, akaomba. Alilitamka jina lile polepole, kwa heshima, kama la mtu mzima aliyefanya mambo mengi duniani. Hakuuliza kosa. Nilimsamehe mate yake yote.

Tulipotoka nje watu wakaja kunipa pole. Kila mmoja ananishika mkono ananiita kwa jina, na kila aliyeniita alikuwa ametuita sote wawili. Mnasikia? Mkosi sikuuona. Nimelibeba jina hili miaka mingi nikiwa peke yangu, sasa nina mwenzangu ndani yake.

Mume wangu, ingia kwenye lile kanisa la wanaume wasiofikia sauti. Usingoje hasira ipoe, ingia nayo, ukae nayo kwenye benchi kama mtu aliyekuja na mgonjwa. Mke mwenzangu, ukiwa bado hutaki, baki na sufuria zako, hayo ni ya kwako na Mungu na sikusukumi. Lakini wakifika mahali pa kutaja marehemu, mmoja wenu asimame amtaje, jina lote, kwa sauti. Watu wakigeuka, wageuke.

Na mimi huku nitakuwa nimesimama.

Wajina wa binti yenu